Bibi Aliyeiomba Radhi Kompyuta

Studio yangu ni chumba kimoja cha nyumba ya Ng'ambo, si mbali na Michenzani. Kuta zake nimezivisha magodoro ya zamani na majamvi, na mlango ninauziba kwa blanketi kila ninapoanza kurekodi, maana muuza kahawa wa mtaa wetu hupita akigonganisha vikombe vyake saa ileile ambayo waimbaji hupenda kuja. Kwa zaidi ya miaka 15 nimerekodi humo taarabu, kidumbaki, kasida, mawaidha, matangazo ya harusi na hotuba za watu waliokuwa wakiwania udiwani. Miaka michache iliyopita nilijiunga pia na watu wa kujitolea wanaoijaribu na kuitafsiri programu huria ya kurekodi na kuchanganya sauti, ile ile ninayoitumia kazini. Jina lake sitalitaja, kwa sababu makosa nitakayoyaeleza yamo katika programu nyingi za aina yake, na mengine yalikuwa yangu mwenyewe.

Kazi hii ya kurekodi niliianza katika wakati mgumu. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila umeme unaotoka bara, na mji mzima ukawa unavuma jenereta. Fundi aliyenifundisha alikuwa akinunua umeme kwa jirani mwenye jenereta, saa 3 kwa siku, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini kitufe fulani kipo pale kilipo. Nilihifadhi menyu za programu kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu, kwa mpangilio, bila tafsiri. Ninalieleza hili kwa sababu mtu aliyejifunza kwa taabu namna ile huanza kuiheshimu taabu yenyewe. Nilipokuja kuwa fundi ninayetegemewa, niliona ugumu wa programu kuwa ni sehemu ya cheo changu, na aliyeshindwa kuitumia nilimhesabu kuwa hajafika.

Siku moja alikuja jirani yetu, bibi anayefundisha chuo cha watoto, ambaye mtaani wakubwa kwa wadogo tunamwita Mwalimu. Alitaka kurekodi ngano na tenzi alizorithi kwa bibi yake wa Makunduchi, ili watoto wa chuoni wazisikilize hata siku ambazo yeye mwenyewe kifua kinambana. Mwanawe alikuwa amemletea laptopu. Nikamtilia programu, nikamwazima maikrofoni, nikamwonesha mara moja tu, kwa haraka, kwa kuwa nilikuwa na wateja wanaonisubiri. Nakumbuka nilimwambia, "Hiki chekundu ndicho cha kurekodi, Mwalimu." Usiku ule mtaa ulipotulia alikaa peke yake akasimulia kwa dakika 40 bila kusita, kuanzia paukwa ya kwanza hadi ubeti wa mwisho. Asubuhi akapiga hodi kwangu, laptopu ameifunga ndani ya kanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, nimekukosea. Mashine imekula sauti yangu, na nadhani kosa ni langu. Hata yenyewe nimeiomba radhi."

Nilijua sababu kabla sijakaa. Katika programu nyingi za kitaalamu kile kitufe kikubwa chekundu hakirekodi peke yake. Mtu anatakiwa kwanza afungue traki, yaani njia ambayo sauti moja huandikwa peke yake, achague kama ni ya maikrofoni moja au mbili, aiunganishe na mlango ambao sauti inaingilia, kisha abonyeze kitufe kingine kidogo, chekundu pia, kilichopo juu ya traki yenyewe, ili kuijulisha programu kwamba hii ndiyo itakayopokea sauti. Baada ya hapo ndipo kile kikubwa kinapokuwa na maana. Utaratibu huu umerithiwa kutoka kwenye mashine za utepe za traki 8, 16 na 24, ambazo sauti mpya ikipita juu ya ile ya zamani huifuta moja kwa moja. Mwimbaji angeweza kupoteza kazi ya siku nzima kwa kidole kimoja kilichoteleza, na kitufe cha pili kilikuwa ndicho komeo la mlango. Katika kompyuta hatari hiyo kwa sehemu kubwa imeondoka, kwa kuwa programu huandika faili jipya na kuliacha la zamani mahali pake. Hatari ilikwenda zake, komeo likabaki.

Mwalimu alibonyeza kile kikubwa kama nilivyomwambia. Kikamemeta. Mstari ukakimbia kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, saa ikahesabu dakika na sekunde, na kila kilichokuwa mbele ya macho yake kilimwambia kwamba anasikilizwa. Nikamweleza, kwa upole ambao nikiukumbuka leo unaniudhi, kwamba amesahau kitufe cha traki.

"Sikukisahau, mwanangu," akanijibu. "Sikukijua."

Jioni ile niliandika taarifa ya kwanza kwa waandishi wa programu. Niliiandika kwa Kiingereza, kwa maneno ya kifundi, nikiona fahari kwamba ninayajua. Nilieleza kwamba mtumiaji mgeni alisahau kuiandaa traki kabla ya kurekodi, na kwamba pengine kitabu cha maelekezo kingeongezewa sentensi moja. Baada ya siku mbili taarifa ilifungwa: kosa la mtumiaji, programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Nilikasirika, nikawaambia wenzangu kwamba watu wa huko hawatusikilizi sisi wa visiwani. Ilinichukua karibu mwaka mmoja kuona kwamba walinisikiliza vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyewaambia kuwa mwanamke yule alisahau. Maneno yake, "imekula sauti yangu" na "sikukijua", niliyaacha njiani kwa kuwa niliyaona ni maneno ya mtu asiyejua, na mahali pake nikaweka hukumu yangu nikaipeleka kama habari.

Baada ya hapo niliona ninavyofanya hivyo kila siku. Kuna mzee mmoja mpiga udi, fundi wa miaka mingi, ambaye nilikuwa nikimrekodi akipiga taksimu, yaani kipande cha kubuni papo hapo, katika Rasti, moja ya makamu za muziki wa Kiarabu. Programu yangu ina kipimo kinachoonesha kama sauti iko sawasawa, na kipimo hicho kimejengwa juu ya hatua 12 za kinanda cha Kizungu. Sauti ya tatu ya Rasti haikai kwenye hatua yoyote kati ya hizo. Inakaa katikati ya mbili, chini kidogo ya moja na juu ya nyingine, na wanamuziki wa Kiarabu walikwishaijadili hesabu yake kwa urefu katika mkutano wa Cairo wa mwaka 1932, ambao ulipima muziki huo kwa mizani ya sehemu 24. Kila mzee alipoigusa sauti ile, kipimo kiligeuka chekundu na jina la noti likaruka huku na huku kama nzi aliyenaswa chini ya glasi. Mzee akakitazama, akakaza waya, akapiga tena, akaulegeza. Mwisho akaniuliza, "Mashine yako inajua kusoma Kiarabu?" Nikacheka. Nilidhani ni mzaha wa wazee.

Alichokuwa akiniambia ni kwamba mashine inampima kwa mizani ambayo si yake. Udhia huo hapa kwetu si mgeni. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika 3 tu, na wimbo wa taarabu, ambao ukumbini huendelea kadiri watu wanavyotunza na kuitikia, ulilazimika kukatwa uenee humo. Hakuna aliyeweza kuibishia santuri, kwa kuwa nafasi yake ndiyo hiyo. Programu ya kompyuta haina sababu hiyo. Inaandikwa na watu, wanaitoa upya kila baada ya miezi kadhaa, na wanaweza kuambiwa.

Niliandika kuhusu Rasti. Nikajibiwa kwa adabu kwamba uwezo huo upo tangu zamani: kifaa cha kurekebisha sauti kinaweza kusoma faili la mizani, kwa muundo unaoitwa Scala, ambamo mtu hujiandikia hatua zake apendavyo. Nikautafuta nikaukuta, ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu nyingine, chini ya jina ambalo mpiga udi asingelitambua hata angeishi miaka 200. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitumia programu ile kwa miaka sita bila kulifungua dirisha lile. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia programu fulani haina kitu fulani, simbishii. Kwake yeye haina, na hilo lenyewe ndilo linalostahili kuandikwa.

Kazi ya kutafsiri ilinifundisha zaidi kuliko nilivyotarajia. Tulikuwa watu wanne: mimi, mwalimu wa skuli ya sekondari, kijana anayetengeneza simu Darajani, na msichana anayejifunza fidla. Tulikutana jioni kwenye baraza ya nyumba yetu, na kama ilivyo desturi ya baraza, kila aliyepita alikaa akachangia. Neno la kwanza kutushinda lilikuwa jina la kile kitufe kidogo cha traki. Kwa Kiingereza limetoka kwenye silaha, na tafsiri ya mashine ilitupa "ipe njia silaha", jambo ambalo lilitufurahisha sana kwa jioni nzima. Mwalimu wa skuli akapendekeza "wezesha", neno ambalo limo katika kila karatasi ya serikali na halioneshi kitu chochote machoni mwa mtu. Mvuvi mmoja mzee, ambaye alikuwa amekaa akinywa kahawa yake, akauliza kitufe hicho kinafanya nini hasa. Tukamweleza. Akasema, "Basi ni kutega. Dema usipolitega, samaki wataingia wapi?"

Tukaandika "Tega". Mwalimu wangu wa ngano alipolisoma neno hilo juu ya traki alielewa bila kuelezwa, na akaniuliza jambo ambalo sisi wanne hatukuliuliza: ikiwa dema liko moja tu na mtu amekwishasema anataka kuvua, kwa nini programu isilitege yenyewe?

Maneno mengine yalitufichulia nyufa ambazo kwa Kiingereza hazionekani. Kuna kipimo cha sauti inayoingia kutoka kwenye maikrofoni na kipimo cha sauti inayotoka kwenye spika, na watumiaji wengi huongeza cha pili wakati kilicho kidogo ni cha kwanza, kisha wanashangaa kwa nini rekodi inaunguruma. Katika Kiswahili vyote viwili ni "sauti", hivyo tulilazimika kuandika "sauti inayoingia" na "sauti inayotoka", na kwa kulazimika huko tukawa tumeeleza kitu ambacho majina ya asili yanakificha. Vivyo hivyo kuhifadhi kazi na kutoa wimbo. Mtu akibonyeza "hifadhi", anaamini anao wimbo mkononi, kumbe anayo kazi ambayo bado inaihitaji programu ili isikike. Hapo kuna mfano wa hadharani ambao hunipa moyo. Audacity, programu huria iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, kwa miaka mingi ilihifadhi kazi katika vipande viwili, faili dogo na folda kubwa yenye sauti zenyewe, na waliokopi faili peke yake walibaki na ganda tupu. Toleo la 3.0 la mwaka 2021 liliunganisha vyote katika faili moja. Mafundi wangeweza kuendelea kusema, kama nilivyosema mimi, kwamba watu wasome maelekezo. Badala yake kilichobadilika kikawa ni programu.

Nilipokwishaona hayo, nilianza kuwakalisha watu mbele ya kompyuta na mimi nikakaa nyuma yao, kimya. Mtaalamu wa mambo ya utumiaji, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya kitu kinachojaribiwa, na kwa fundi wa mtaani habari hiyo ni njema, kwa sababu watu 5 hapatikani mtu asiyeweza kuwapata. Ugumu uko kwenye kukaa kimya. Mikono yangu niliikalia. Nilimtazama muimba kasida akitafuta mahali pa kukata kikohozi chake kwa dakika 11, na kila dakika nilitaka kumwambia kwamba mkasi uko pale juu, kushoto. Alipoupata alinigeukia akasema, "Lo, kumbe ulikuwa hapa, nami najiona mjinga." Nikaandika maneno hayo kama yalivyo, na mahali macho yake yalipotafuta kabla ya kuupata: mara nne alikwenda kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya sauti yenyewe, ambako hapakuwa na chochote.

Malalamiko ya kweli huja yamevaa nguo nyingine. Mwimbaji mmoja wa kike alivua hedifoni katikati ya ubeti akasema kuna mtu anamwiga. Zamani ningemwambia aendelee. Safari hii nilimwomba anieleze, akasema mtu huyo anaimba vilevile kama yeye, ila anachelewa kidogo, "kama anayenidhihaki". Nilikwenda kutazama nikakuta bafa, yaani ule mzigo wa sauti ambao kompyuta huukusanya kabla ya kuufanyia kazi, imewekwa sampuli 1,024, na sampuli ni vile vipimo vidogo vidogo ambavyo kompyuta huigawa sauti. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 21 kwenda, na kwa kuwa sauti inakwenda na kurudi, mwimbaji alikuwa akijisikia amechelewa kwa zaidi ya milisekunde 42. Nikashusha hadi sampuli 128, ambazo ni chini ya milisekunde 3, na mdhihaki akaondoka. Baadaye wakati wa kuchanganya nikapandisha tena, maana bafa ndogo huichosha kompyuta na sauti huanza kukwaruza. Kila fundi anaijua kupanda na kushuka huku. Nilichokipendekeza kwa waandishi ni kwamba mahali pa namba kuwe na maneno mawili, "ninarekodi" na "ninachanganya", na namba zibaki nyuma kwa anayezitaka. Pendekezo hilo lilizua mabishano marefu.

Waliopinga walikuwa watu kama mimi. Walisema programu ya kitaalamu ikirahisishwa itapoteza nguvu zake, kwamba anayechanganya traki 60 hawezi kuulizwa maswali ya mtoto, na kwamba anayetaka wepesi anazo programu zake. Siwezi kuidharau hoja hiyo yote. Nimewahi kuona programu iliyopambwa kwa wageni hadi mwenyeji akakosa pa kuweka mkono, na kazi ya harusi yenye maikrofoni 14 na bwana harusi anayepiga simu kila nusu saa haitaki picha za kuchekesha kwenye kioo. Lakini wepesi na nguvu si lazima vikae nyumba mbalimbali. Apple ilipotoa GarageBand mwaka 2004 ilitengeneza kitu ambacho mtu asiyejua lolote aliweza kukianza siku hiyohiyo, na kazi iliyoanzwa humo inaweza kufunguliwa katika Logic, programu yao ya kitaalamu, ikaendelezwa na fundi. Mtu haambiwi aanze upya kwa sababu amekua.

Na kwa kuwa ninaeleza ukweli, upinzani wangu mimi haukuwa wa kitaalamu hata kidogo. Niliogopa kukosa wateja. Ikiwa Mwalimu anaweza kujirekodi nyumbani kwake usiku, atakuja kwangu kufanya nini? Ilivyokuwa ni kwamba wanakuja na rekodi zao za nyumbani, nyingine nzuri kuliko nilivyodhani, na wananilipa nizisafishe na kuzichanganya. Siku hizi pia wanajua kunibishia, jambo ambalo sijalizoea.

Palikuwa na swali jingine, la jinsi maoni yanavyokusanywa. Mwaka huohuo wa 2021, mwezi wa Mei, wamiliki wapya wa Audacity walipendekeza programu iwe inatuma habari za matumizi, watumiaji wakapiga kelele dunia nzima, na pendekezo likaondolewa baada ya siku chache. Katika kundi letu wapo waliolisikitikia, wakisema bila takwimu waandishi wanatembea gizani. Mimi niliwakumbusha kijana mmoja wa Wete, Pemba, anayerekodi ngoma ya msewe na mashairi ya kwao kwa laptopu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, ambaye hununua bando kwa siku na huzima intaneti akimaliza. Programu inayotuma habari nyuma ya mgongo wake ingekuwa inakula fedha yake, na isingepata habari zake nyingi. Halafu, hata kama ingezipata, namba ingesema kwamba usiku fulani kitufe chekundu kilibonyezwa na kikakaa kimebonyezwa dakika 40. Ingeonekana ni matumizi mazuri sana.

Kwa kijana yule tulipata njia nyingine. Fomu rasmi ya maoni ilitaka afungue akaunti, aandike Kiingereza na aambatanishe maelezo ya mfumo, na yeye kila alipofika ukurasa wa pili aliacha. Tukamwambia atume ujumbe wa sauti kwa simu, kwa Kiswahili chake cha Kipemba, akiwa mbele ya kompyuta, tatizo likiwa bado liko kwenye kioo. Mimi nauandika neno kwa neno, halafu chini yake ndipo naongeza wanayoyataka waandishi: toleo gani, mfumo gani, hatua alizopita, alichotarajia na alichokiona. Masharti hayo zamani niliyachukulia kuwa ni jeuri. Sasa naona ni lugha ya kazi, kama mimi ninavyomuuliza mwimbaji anayesema sauti yake mbaya: mbaya wapi, kwenye ubeti gani, na ilikuwa hivyo tangu lini. Kosa ni kumtaka mwimbaji ajiulize mwenyewe kabla ya kuruhusiwa kuingia.

Kwa njia hiyo niliirudisha ile taarifa ya Mwalimu. Safari hii niliandika maneno yake kwanza, "mashine imekula sauti yangu", kisha alichokiona: kitufe kinamemeta, mstari unakimbia, saa inahesabu. Nikaandika kwamba aliiomba radhi kompyuta. Nikamaliza kwa swali lake la dema moja. Hukumu yangu sikuitia. Jibu lilikuja usiku uleule, kutoka kwa mmoja wa waandishi wakongwe wa programu, na lilikuwa fupi: alisema saa ile inayohesabu ndiyo inayosema uongo, na kwamba amekuwa akiitazama kwa miaka bila kuliona hilo. Mjadala ukaendelea kwa wiki kadhaa. Wenye traki 60 walipata walichokitaka, kwamba kazi kubwa isiguswe. Na mwisho ikakubaliwa kwamba mtu akibonyeza kurekodi pasipo traki yoyote iliyotegwa, programu isimame imuulize. Ombi langu la maneno mawili kwenye bafa bado limekaa. Lile la kuuweka mkasi pale muimba kasida alipobonyeza kitufe cha kulia lilikubaliwa bila ubishi, na hadi leo sijui kwa nini moja lilikuwa jepesi na jingine zito.

Toleo jipya lilipotoka nilimtilia Mwalimu kwenye laptopu yake, nikakaa nyuma, mikono nimeikalia. Akabonyeza kile kikubwa chekundu. Dirisha likatokea katikati ya kioo, na pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao, likisema kwa Kiswahili chetu kwamba hakuna traki iliyotegwa na likiuliza kama aitege ya kwanza. Akasoma polepole, akabonyeza ndiyo, akasema paukwa, mistari ikainuka na kushuka juu ya kioo. Aliposimama kupumzika nilimuuliza anaonaje.

"Sasa inaniuliza," akasema. "Lakini mbona inaniuliza kwa ukali, mwanangu? Nimefanya nini?"

Nimeyaandika hayo, neno kwa neno, na picha ya ile pembetatu nimeiambatanisha.